Kulipa Ili Uwe Kuli

Ami Famau alipokabidhiwa lile hendeli la chuma aliligeuza huku na huku kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoiamini. Kisha akanigeukia: "Kwa hiyo hapa abiria ndiye kuli?"

Tulikuwa Braunston, kijiji cha Northamptonshire, katikati ya Uingereza, asubuhi moja ya Juni yenye manyunyu. Mimi, mke wangu, watoto wetu Salma na Yusuf, na ami aliyekuja kutoka Lamu kukaa nasi wiki sita. Nilikuwa nimelipa pauni mia tisa na kitu kukodi boti kwa siku nne. Kijana wa kampuni alikwisha kutuonyesha jiko, choo na swichi ya injini, na sasa alikuwa akitufundisha kufungua milango ya maji, kazi ambayo tungeifanya wenyewe kwa mikono yetu mpaka siku ya kurudisha chombo. Ami alimsikiliza kwa adabu zote. Swali lake aliliuliza kwa Kiswahili, na kijana aliponitazama asubiri tafsiri nikamwambia mzee anasifu mandhari.

Lakini swali lilikuwa la haki, na halikunitoka kichwani. Tuliporudi nyumbani nilianza kufuatilia biashara hii ilitoka wapi. Nikaangukia kampuni moja iliyoanzia pale pale Braunston, ambayo kwa miaka kama minane iliendesha mambo mawili kwa wakati mmoja juu ya maji yale yale: upande mmoja ilikuwa na watu inaowalipa kufungua milango, upande mwingine ilikuwa na watu wanaoilipa ili waifungue.

Msomaji wa pwani akisikia mfereji huenda akawaza Suez, meli kubwa na rubani. Toa hilo akilini. Mifereji hii ni ya kimo cha mtu, mahali pengi hata hicho hakifiki, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Boti zenyewe zina upana wa mita 2.1 tu, kwa sababu waliochimba katika karne ya 18 walibana matumizi, wakajenga milango myembamba. Urefu unaweza kufika mita 21. Yaani chombo kirefu karibu kama mabasi mawili, na chembamba kuliko basi moja. Ukisimama nyuma ukishika kana, yaani mpini wa usukani, omo iko mbali kiasi kwamba mtu aliyekaa kule unampigia simu.

Na mahali ardhi inapopanda, maji hayapandi, kwa hiyo kuna loki. Ni chumba cha matofali chenye milango huku na huku. Unaingiza boti upande wa chini, unafunga milango nyuma yako, unapachika hendeli kwenye mtambo wa meno na kuzungusha. Vifuniko vilivyo chini vinafunguka, maji ya juu yanaingia kwa kishindo, na boti inaumuka taratibu kama unga uliotiwa hamira. Yakilingana, unaegemeza makalio kwenye boriti la mlango, unakita visigino kwenye matofali, unasukuma. Nasema boriti kwa sababu ndilo, gogo zito la mraba, na ami hakutaka kusikia jina lingine. Kila boti inayopita Braunston hivi hula zaidi ya lita 150,000 za maji kwa loki moja. Zipo sita mfululizo, kisha handaki. Hiyo ndiyo likizo.

Mifereji ilichimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Mwaka 1761 Duke wa Bridgewater, mkabaila mwenye migodi, alifungua wake kutoka migodini kwake kuelekea Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka kiasi kwamba kila mwenye fedha akataka mfereji. Farasi mmoja aliyekuwa akivuta mkokoteni wa tani moja au mbili barabarani aliweza kuvuta tani 25 na zaidi majini. Braunston ikawa njia panda: huku mfereji wa Oxford uliokamilika mwaka 1790, kule mfereji uliokwenda London, uliofunguliwa wote mwaka 1805. Kilichotoka Midlands, mikoa ya katikati ya nchi, kwenda mji mkuu kilipita mbele ya mnara wa kanisa la kijiji, na kanisa hilo wenyewe hadi leo wanaliita kathedrali ya mifereji, kwa kuwa mabaharia wengi wa maji yale wamezikwa uwanjani mwake.

Halafu ikaja reli. Nauli zikaporomoka, na mwenye boti aliyekuwa na nyumba ya kupanga nchi kavu akaona hawezi tena kulipa kodi na mshahara wa msaidizi. Akamhamishia mkewe botini. Na watoto. Familia nzima ikaingia kwenye kibanda cha nyuma chenye urefu wa mita tatu na upana wa mbili, pamoja na jiko la makaa. Kitanda kinatoka kabatini usiku na kurudi asubuhi. Watoto hawakukaa mahali pamoja wakasoma. Juu ya umaskini huo wakapaka maua: mawaridi mekundu na majumba ya kifalme, kwenye milango, kwenye ndoo, kwenye kila ubao uliokubali brashi. Pale Braunston palikuwa na karakana ya kina Nurser, na Frank Nurser alikuwa bingwa wa maua hayo. Ami alipoiona boti moja ya zamani imeegeshwa, imepakwa hivyo kuanzia omo mpaka tezi, aliifikia akaigusa. "Hii ina mwenyewe," alisema. Chombo chake yeye kilikuwa na macho mawili ya mbao kwenye omo, mwezi na nyota, na siku kilipopasuliwa aliyang'oa akapeleka nyumbani. Yapo ukumbini hadi leo.

Kukodi boti kwa ajili ya kujifurahisha si jambo jipya Uingereza. Kule Norfolk, kwenye vinamasi na mito ya mashariki, Harry Blake alianza wakala wake mwaka 1908. Mifereji ilichelewa, kwa sababu nani alitaka kupumzika katikati ya makaa na moshi? Mwaka 1935 kulikuwa na kampuni moja Christleton, karibu na Chester, iliyothubutu. Vita ikaja ikakatiza. Katikati ya vita, mwaka 1944, mhandisi aitwaye Tom Rolt akatoa kitabu juu ya safari aliyoifanya na mkewe Angela kwenye boti yao, Cressy, na wasomaji waliochoshwa na mabomu na mgao wa chakula wakakipokea kama barua kutoka nchi nyingine. Mmoja wao, Robert Aickman, akamwandikia. Mwaka 1946 chama cha kutetea mifereji kikazaliwa.

Wawili hao hawakuelewana muda mrefu, na ugomvi wao unanivutia. Rolt alitaka maisha ya mabaharia wa mizigo yaendelee: ukiokoa mfereji bila watu wake, umeokoa nini? Aickman alitaka kila mfereji uokolewe, uwe wa kazi au wa starehe, pasipo kuchagua. Mwaka 1951 Rolt alifukuzwa kwenye chama alichokiasisi. Nikitazama nyuma naona Aickman alipatia hesabu. Rolt ndiye aliyekuwa na haki ya kulia.

Serikali nayo ilikwisha kuitaifisha mifereji, kuanzia tarehe 1 Januari 1948, ikaiweka chini ya tume moja na reli. Unajua kinachompata mtoto mdogo anapolelewa nyumba moja na mtoto mkubwa anayekula sana.

Hapo ndipo anapoingia Michael Streat. Miaka ya 1950 alianzisha Blue Line Cruisers pale Braunston, boti za kukodisha kwa wiki. Tuangalie mazingira ya biashara yenyewe: mifereji imejaa tope, milango inavuja, watu wa mijini wanaiita mitaro na kutupia vitanda vibovu, na kilomita chache kutoka hapo tingatinga zinachimba barabara kuu ya kwanza ndefu ya mwendo kasi nchini. Sehemu ya mwanzo ya barabara hiyo, M1, ilifunguliwa Novemba 1959, ikitokea kaskazini ya London na kuishia Crick. Crick ni jirani ya Braunston. Naijua vizuri, maana ghala ninalofanyia kazi zamu ya usiku lipo karibu na hapo. Mizigo ya nchi nzima inapita mikononi mwetu, masanduku kwa masanduku, na hakuna hata sanduku moja litakalopanda boti. Barabara ndiyo iliyoyaua matishari, yaani boti za mizigo. Nami nalipwa na barabara.

Sasa jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka 1962 Blue Line iliichukua shughuli ya makaa ya kampuni ya Samuel Barlow, iliyokuwa na boti zake Braunston. Yaani mtu wa boti za likizo akabeba jukumu la boti za mizigo wakati ambao kila mwenye macho aliona biashara ile inazama. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1958, Barlow walikuwa wamejenga Braunston boti ya mbao iitwayo Raymond, tishari lisilo na injini, la kuvutwa na mwenzake. Lilikuwa la mwisho la aina yake kujengwa kwa ajili ya kubeba mizigo. Jozi kama hiyo hubeba tani 50 hivi.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa adhabu. Kuanzia mwisho wa Desemba 1962 hadi Machi 1963 mifereji iliganda. Boti zilishikwa na barafu zikiwa na makaa tumboni, wateja wakaagiza malori, na barafu ilipoyeyuka wengi hawakurudi. Mwaka huo huo shirika la serikali lililokuwa limekabidhiwa mifereji likaachana na sehemu kubwa ya kazi yake ya kubeba mizigo kwa boti nyembamba. Blue Line haikuacha. Ilibakiwa na mteja mmoja wa maana: kiwanda cha jamu cha Kearley and Tonge huko Southall, magharibi ya London, ambacho tanuri zake zilitaka makaa kutoka Atherstone. Mabaharia waliita safari ile kwa jina la mzaha, "shimo la jamu", kwa sababu kiwanda kilikuwa na kijibandari chake kidogo cha pembeni. Familia ya Bray ilikuwa kwenye safari hiyo, na familia ya Whitlock, watu waliozaliwa botini na wazazi waliozaliwa botini.

Jaribu kuiona siku moja ya Agosti katikati ya miaka ya 1960. Jozi ya boti za makaa inateremka, imekaa chini majini kwa uzito, mama kwenye kana ya tishari, uso mweusi wa vumbi. Inakutana na boti ya likizo iliyopakwa rangi mpya, daktari wa meno kutoka mjini amevaa kofia ya nahodha, watoto wake wanang'ang'ania hendeli, mkewe anasukuma boriti akicheka. Wote wawili wanapitia loki ile ile. Wote wawili, kwa maana ya karatasi, ni watu wa Blue Line. Mmoja analipwa kwa tani. Mwingine amelipa kwa wiki. Na ukiwapa saa ya kupimia, mama wa makaa atamaliza loki kabla daktari hajapata tundu la hendeli.

Sijui kama kuna aliyecheka. Mimi ningekuwa yule mama ningechukia. Au labda ningeuza chai.

Mwaka 1968 bunge likapitisha sheria ya usafirishaji iliyoandaliwa na waziri Barbara Castle, na kwa mara ya kwanza sheria ikakubali kwamba mfereji unaweza kuwepo kwa ajili ya matembezi tu. Njia za maji zikagawanywa mafungu matatu: za biashara, za starehe, na "zilizobaki", jina ambalo hata yatima asingepewa. Mifereji myembamba iliingia fungu la pili au la tatu. Ilikuwa talaka na hati ya uhai kwenye karatasi moja. Oktoba 1970 boti za Blue Line zikapeleka makaa ya mwisho Southall. Ule ndio uliokuwa mkataba wa mwisho wa kudumu wa makaa kwa boti nyembamba kwenye safari ndefu kama ile, na uliokuwa ukiuendesha ulikuwa mkono wa kushoto wa kampuni ya likizo. Raymond lenyewe halikupotea. Lipo, linatunzwa na watu wa kujitolea, na kila Juni boti za kihistoria zinapokusanyika Braunston watu hulipiga picha.

Kufikia wakati huo Streat alikwisha kutazama mbali zaidi. Mwaka 1969 aliipeleka Blue Line kusini ya Ufaransa, Castelnaudary, kwenye Canal du Midi, akaanza kukodisha boti mahali ambapo matishari ya divai na nafaka bado yalikuwa yakipita.

Mfereji huo ni mkubwa wao kwa umri na kwa heshima. Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji wa kodi ya chumvi, alipata ruhusa ya Louis XIV ya kuuchimba mwaka 1666, akatia mali yake mpaka akajaa madeni, akafa mwaka 1680, miezi michache kabla ya kufunguliwa mwaka 1681. Kilomita 240 kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau pwani ya Mediterania. Loki zake zina umbo la yai, kwa sababu moja ya mwanzo yenye kuta zilizonyooka iliporomoka, na ukuta uliopinda hustahimili msukumo wa udongo. Castelnaudary kuna bwawa la hekta saba ambalo boti hulala kama kwenye bandari, na mji unaonuka maharagwe ya cassoulet. Nilipita huko kwa gari miaka mitano iliyopita, kabla sijajua lolote kati ya haya, nikala maharagwe nikaondoka. Najuta.

Ufaransa, Blue Line haikubeba mzigo wowote. Ilibeba watu. Haimlazimu mwenye kukodi kuwa na leseni. Anapewa somo fupi, karatasi, na ufunguo. Biashara ikashika, wengine wakaiga, na mwishoni mwa miaka ya 1980 tishari la mwisho la mizigo lilipoacha kupita Canal du Midi, boti za likizo zilikuwa zimejaa tayari. Mwaka 1996 UNESCO ikauweka mfereji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lamu yetu ilisubiri hadi 2001. Siku hizi tatizo kubwa la huko ni miti: ile ya kivuli iliyo kingoni, miplani 42,000, ilivamiwa na kuvu linaloua, lililoonekana mara ya kwanza kandokando ya mfereji mwaka 2006, na maelfu imekatwa ikachomwa. Kamba za boti zilizofungwa kwenye mashina zilichangia kulisambaza. Starehe nayo ina shoka lake.

Kuhusu kampuni, mengine ni hadithi ya kawaida ya kununuliwa na kuunganishwa. Blue Line ikawa Crown Blue Line, kisha jina likamezwa na Le Boat, ambayo leo huhesabu umri wake kuanzia mwaka ule wa 1969 na bado ina kituo Castelnaudary. Mwaka 2018 ilivuka Atlantiki, ikaweka boti Smiths Falls kwenye mfereji wa Rideau, Kanada. Huku Uingereza mifereji ya serikali ya England na Wales ilikabidhiwa taasisi ya hisani mwaka 2012. Inaishi kwa ada, michango na ruzuku. Wamejaa pia watu waliohamia botini kwa sababu kodi ya nyumba London imewashinda, na hapo duara la yule baba wa enzi za reli linakuwa limefunga kabisa.

Turudi kwa ami.

Ami Famau alibeba boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Mombasa, na ujanani mpaka Oman, kwa kaskazi na kusi. Mwaka 1982 Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, mizigo ikapungua, akabeba mawe, akabeba chumvi, mwishowe akapasua jahazi, akanunua mashua na kubeba wageni kwenda Manda Toto kutazama samaki. Alipofika Braunston alikuwa na dharau ya haki kwa maji yasiyopwa wala kujaa. "Dimbwi refu," aliliita. Kijana alipotaka kumfundisha kufunga kamba, ami alikaa kimya dakika kumi nzima akijifunza fundo alilolijua tangu hajabaleghe.

Lakini nilipompa kana ndani ya handaki la Braunston, dharau ilimtoka. Lile handaki lilifunguliwa mwaka 1796, lina urefu wa karibu kilomita mbili, na katikati limepinda kama herufi S, kwa sababu waliochimba kutoka mashimo mbalimbali hawakukutana sawasawa. Ndani ni giza la kaburi. Maji yanakudondokea shingoni kutoka kwenye matofali. Unaona nukta ya mwanga mbele, unadhani ni mlango wa kutokea, kumbe ni taa ya boti nyingine inayokuja, na nafasi ya kupishana ni kiganja huku na kiganja kule. Yusuf alimshika babu yake koti. Ami alipunguza moto, akakiegemeza chombo kulia hata nikasikia chuma kinanusa ukuta, na alipopishana na wale watu aliwaambia "Salama!" kwa sauti ya bahari kuu. Handaki zima likaitikia. Mzee wa upande wa pili akajibu "Morning!" Ilikuwa saa kumi jioni.

Usiku ule jiko la kupashia joto lilikataa kuwaka, tukalala na makoti. Asubuhi nikaipigia simu kampuni, na kijana akaja na gari dogo na kifaa. Umbali ambao ulituchukua siku nzima, loki sita na handaki, yeye ameukata kwa dakika kumi na mbili. Salma alihesabu kwenye simu. Akaniuliza kama tumetapeliwa.

Kosa langu mwenyewe lilikuja kwenye ngazi ya loki za Buckby, tukiteremka. Hapo mfereji, reli, barabara ya Warumi na M1 vinabanana kwenye bonde moja, unasikia malori yakinguruma wakati bata anakutazama. Unapoteremka ndani ya loki kuna kizingiti cha zege chini ya mlango wa nyuma, na boti ikikaa nyuma mno, maji yanapopungua tezi linakwama juu ya kizingiti huku omo inaendelea kushuka. Boti hupinduka hivyo. Vibao vya onyo vimejaa. Nilikuwa nikipiga picha ya lori la kampuni yetu kule juu. Niligutuka kusikia ami akipaza sauti, "Funga! Funga maji!" Salma, binti wa miaka kumi na minne ambaye nyumbani hafungi hata bomba, alirukia hendeli akateremsha kifuniko kabla sijajua nimesimama wapi. Tezi lilikuwa limekwisha kuegemea. Sufuria ya wali ilikuwa sakafuni.

Ami hakunigombeza. Alishuka, akaangalia usukani, akarudi akakaa. Baadaye sana, tumefunga karibu na Weedon, akasema: "Sisi mgeni tunamlaza kwenye takia tunampa juisi. Anaona jua linazama, anashukuru, anakwenda kulala. Hawa wanampa mgeni hatari ndogo na kazi kubwa, na wanamtoza zaidi." Akanyamaza. "Akirudi kwao ana la kusimulia."

Tulifungua loki ishirini na sita kwa siku nne. Mikono ya mke wangu ilitoka malengelenge, na alipokuwa akiagana na kijana wa kampuni alimwuliza tarehe za mwaka ujao.

Ami alirudi Lamu Julai. Septemba alinitumia ujumbe wa sauti, upepo ukipiga kwenye kipaza sauti, na nyuma yake watu wakihema na kucheka kwa Kijerumani. "Sikiza," alisema. "Nimewapa henza wavute wenyewe. Foromali imepanda nusu, imekwama, mmoja amechubuka kiganja. Nimewaambia ni bei nyingine hiyo, wametoa bila neno. Na kesho wanataka kuja kufua maji ngamani."